Kuhama Tanga kwenda Arusha kwa sababu ya joto: tupige hesabu kabla ya kufungasha

MkwajuWaDonge (mleta uzi)

Wadau, salaam aleikum. Naomba mawazo ya wanaojua pande zote mbili.

Familia ni watu sita: baba, mama, bi mkubwa wa miaka 71 mwenye presha, na watoto wa miaka 12 (darasa la sita), 7, na mdogo wa miezi 9. Tunaishi Donge kwenye nyumba yetu ya vyumba vitatu, bati la kahawia, dari ya jipsamu. Kuanzia Desemba hadi Machi ndani hakulaliki. Mdogo harara haimtoki shingoni, na bi mkubwa hukaa barazani hadi saa saba za usiku akisubiri chumba kipoe.

Tumefikiria Arusha. Dalali ametutajia 500,000 kwa mwezi, vyumba vitatu, maeneo ya Njiro, malipo ya miezi sita kwa mkupuo. Ya Donge tunaweza kuipangisha 250,000. Baba ni mwalimu wa serikali, mama ana duka dogo la vitambaa. Maswali ni mawili: gharama ambazo dalali hazitaji ni zipi, na mambo gani yanawaharibikia watu wa pwani wakishafika kule? Naomba kuwasilisha.

---

HesabuKwanza

Dada, kabla ya gharama, mpangilio. Mwalimu wa serikali uhamisho wake unaombwa kwenye mfumo wa ESS (wa watumishi wa umma, mtandaoni), na ukihama kwa ombi lako mwenyewe hulipwi posho ya uhamisho wala gharama za mizigo. Barua ya kibali ndiyo itangulie, pango lifuate. Watu hulipa miezi sita kwa kuhofia nyumba itachukuliwa, kisha kibali kinakawia, na nyumba inakaa tupu huku mita ya kodi inatembea. Akipata mwalimu wa Arusha anayetaka kuja Tanga wakabadilishana, njia huwa fupi zaidi, kwa kuwa hakuna shule inayobaki na pengo.

Sasa pesa. Kodi ya miezi sita ni 3,000,000. Dalali anachukua ya mwezi mmoja, 500,000. Hapo lori bado, blanketi bado, sare za shule bado, tangi la maji bado (wa maji watakuja hapa waeleze kwa nini). Nyumba ya Donge ikipangishwa 250,000, asilimia 10 ni kodi ya TRA, unabaki na 225,000. Pengo ni 275,000 kila mwezi, yaani 3,300,000 kwa mwaka, na hapo sijahesabu miezi ambayo mpangaji wa Donge hayupo. Weka angalau miwili kwa mwaka wa kwanza.

Swali langu kwenu: hilo duka la vitambaa linahama au linafungwa? Wateja wa Ngamiani, hapo Tanga, wanakopa na kulipa kwa kujuana. Ukifika mji mgeni unaanza kuuza kwa taslimu kwa watu wasiokujua. Miezi mitatu ya mwanzo iandikeni sifuri kwenye upande wa mapato ya mama.

---

FundiWaPaa

Kabla ya kuhama tuangalie nyumba yenyewe. Bati la kahawia juu ya dari ya jipsamu iliyozibwa pande zote ni tanuri. Jua linapiga bati, hewa iliyo kati ya bati na dari inachemka, na haina pa kutokea. Jioni nje kunapoa, lakini ile dari inaendelea kushusha joto chumbani hadi usiku wa manane. Ndiyo maana bi mkubwa anangoja saa saba.

Dawa yake:

Toboeni matundu ya hewa juu kabisa kwenye kuta mbili za pembe za paa, zinazotazamana, kila upande matundu yasiyopungua manne ya ukubwa wa tofali, yenye wavu wa kuzuia popo. Pakeni bati rangi nyeupe ya mabati, mikono miwili, baada ya kuliosha na kukwangua kutu. Rangi ya ukutani juu ya bati inabanduka msimu mmoja tu. Halafu angalieni ukuta wa uzio. Miezi hiyo ya joto upepo ni wa kaskazi, unatoka kaskazini-mashariki. Kama uzio wa upande huo ni wa tofali zilizozibwa na uko mita moja kutoka dirishani, mmeufungia upepo nje. Vunjeni mistari ya juu muweke tofali za maua.

Mkishafanya hayo, fungeni kiyoyozi kimoja cha inveta cha BTU 12,000 chumba anacholala bi mkubwa na mdogo. Chumba kikishapoa kinakula wastani wa kilowati 0.7. Saa tisa kwa usiku ni uniti 6.3. Mkiwa kwenye kundi la T1 (bei ya kawaida ya TANESCO), uniti ni kama shilingi 356 pamoja na kodi zake, basi usiku mmoja ni shilingi 2,250 hivi. Siku 120 za kaskazi ni kama 270,000. Linganisha na ile 3,300,000 ya HesabuKwanza.

Sisemi msihame. Nasema kama sababu ni joto peke yake, joto lina tiba ya bei nafuu zaidi ya lori.

---

MkwajuWaDonge

Fundi, umenifungua macho kuhusu paa. Ila kuna sababu nyingine: baba ana ndugu kule, na kaka mkubwa wa watoto atasoma chuo upande huo. Kwa hiyo Arusha bado ipo mezani. Na hilo la tangi la maji ni lipi? Si kuna mabomba?

---

MajiNaMeno

Mabomba yapo. Soma hapa taratibu kwa sababu una mtoto wa miezi 9.

Maji ya Tanga mjini yanatoka bwawa la Mabayani, mto Zigi, na mto huo unashuka kutoka Usambara Mashariki. Mawe ya kule hayana shida ya floraidi (madini yanayoharibu meno yakizidi kwenye maji). Arusha ipo chini ya Mlima Meru ambao ni volkano, na maji yanayopita kwenye mawe na majivu yake hubeba floraidi. Kiasi hakilingani: chemchemi moja iko vizuri, kisima cha mtaa wa pili kimezidi mara tatu. Upande wa mashariki wa Meru, kama Maji ya Chai na Ngarenanyuki, unajulikana kwa viwango vikubwa sana.

Kiwango cha juu kinachokubalika sasa Tanzania, sawa na cha Shirika la Afya Duniani, ni miligramu 1.5 kwa lita. Zamani nchi yetu iliruhusu hadi 4. AUWSA (mamlaka ya maji ya Arusha) wamechimba visima vipya kwenye mradi ule wa bilioni 520 na wanachanganya maji ili kushusha kiwango, na maeneo mengi yamepata nafuu. Lakini nyumba nyingi za kupanga zina kisima cha mwenye nyumba au zinaletewa maji na boza, na hapo hakuna anayekuhakikishia kitu.

Inavyoharibu: jino la ukubwani linajengwa ndani ya ufizi miaka mingi kabla halijatokeza. Meno ya mbele yanajengwa tangu mtoto anazaliwa hadi karibu miaka minne au mitano, ya nyuma hadi kama minane. Mtoto akinywa floraidi nyingi miaka hiyo, jino linatoka likiwa na mistari myeupe kama chaki. Ikiwa nyingi zaidi, linakuwa la kahawia na vishimo, na utando wa juu unamenyeka vipande vipande. Halisuguliki likatakata, kwa kuwa doa liko ndani ya jino lenyewe. Wa miaka 12 meno yake yameshajengwa yote isipokuwa magego ya mwisho. Wa miaka 7 ya mbele yamepona, ya nyuma yanamalizikia. Huyu wa miezi 9 ndiye yote yako hatarini, na uharibifu utauona akiwa na miaka saba, wakati huna la kufanya. Kwa watu wazima ni suala la mifupa na viungo, kwa maji yaliyozidi sana na kwa miaka mingi.

Kuchemsha hakutoi floraidi. Kunaizidisha, maana maji yanapungua yenyewe inabaki. Chujio la mishumaa halitoi. Vidonge vya klorini havitoi. Vinavyotoa ni mashine ya RO (inayosukuma maji kupita kwenye utando mwembamba), chujio la mkaa wa mifupa (kituo cha utafiti cha Ngurdoto ndicho kilichoshughulika na teknolojia hiyo miaka mingi), au kuacha maji hayo kabisa na kunywa ya mvua. Mkaa wa mifupa huchoka. Usipopimwa na kubadilishwa, maji yanapita kama yalivyo, na wewe unaamini umesalimika.

Hesabu ya maji ya mvua ni rahisi. Ya kunywa na kupikia, weka lita 20 kwa siku kwa watu sita, yaani 600 kwa mwezi. Kiangazi cha Juni hadi Oktoba ni miezi mitano, lita 3,000. Bati la mita 40 za mraba, mvua ya milimita 10, hukupa kama lita 320 ukitoa zinazopotea. Mvua kumi za namna hiyo zinajaza tangi la lita 3,000 na ziada. Masika ya Arusha inatosha kabisa, mradi mfereji wa bati upo na mwenye nyumba ameruhusu kwa maandishi. Mvua ya kwanza baada ya kiangazi iachieni dakika kumi na tano imwagike, inaosha vumbi na kinyesi cha ndege. Na maji ya mvua yachemsheni: floraidi hayana, vijidudu yanaweza kuwa navyo.

Kwa hiyo nyumba ichaguliwe kwa bomba lake. Sebule nzuri ifuate.

---

JikoNiSayansi

Nakazia kwa MajiNaMeno, na naongeza kitu ambacho wengi hawakioanishi.

Arusha iko kama mita 1,400 juu ya usawa wa bahari. Kule maji yanachemka kwenye nyuzi 95 hivi, si 100 kama Tanga. Maharage ya pwani ya saa moja na nusu yanakwenda saa mbili na zaidi. Jirani mwema atakwambia tia magadi, yanalainika haraka. Ni kweli yanalainika, ila magadi yenyewe yanatoka maeneo yale yale ya Bonde la Ufa na mengi yamejaa floraidi. Mtu anahangaika kununua maji ya madumu, kisha anatia kijiko cha magadi kwenye chungu cha makande, na mtoto anakula kila siku.

Lowekeni maharage usiku mzima, mwageni maji ya kulowekea, pikeni kwa presha kuka. Presha kuka inarudisha joto lililopungua kwa sababu ya mwinuko. Sufuria ya lita 7 inatosha watu sita, na kagua mpira wa mfuniko, ukichakaa mvuke unatoka pembeni na wewe unarudi kule kule.

Vyakula vingine kwa kifupi: mboga, ndizi, maziwa, viazi na nyama ni nafuu na vizuri, soko la Kilombero na Tengeru. Samaki wa bahari na nazi vitawauma. Nazi ibebwe nzima, kavu, haijapasuka, ndiyo inadumu wiki kadhaa. Pweza wa kukausha anasafiri vizuri kuliko samaki wa barafu.

---

NjiaTatuZaUmeme

Hapa kuna gharama ambayo mtu wa Tanga haijui kabisa: maji ya moto ya kuoga. Julai asubuhi kule ni nyuzi 12 au 13, na maji ya bomba ni kama yametoka frijini. Bi mkubwa na mtoto hawaogi hayo.

Shawa ya umeme ya kawaida ni kilowati 5. Mtu mmoja dakika nane ni uniti 0.67. Watu sita ni uniti 4 kwa siku, 120 kwa mwezi. Hizo peke yake zinakutoa kwenye D1, lile kundi la bei nafuu la wasiozidi uniti 75 kwa mwezi. Uniti inapanda kutoka kama 122 hadi kama 356, na inapanda kwa taa na friji pia, maana mita ni moja. Shawa tu ni kama 42,700 kwa mwezi. Kwa upande mwingine mapangaboi ya Tanga mnayazima: matatu ya wati 60, saa kumi kwa siku, ni uniti 54 kwa mwezi mnazookoa.

Mkioga kwa ndoo, lita 12 za vuguvugu kwa mtu, matumizi yanashuka chini ya nusu. Mtungi wa kupasha maji kwa jua ni mzuri miezi ya jua, lakini Juni hadi Agosti Arusha hufunikwa na mawingu siku nyingi, wakati ule ule mnaouhitaji.

Mkienda kukagua nyumba fanyeni hivi. Washeni shawa kwenye joto la juu kabisa, iacheni dakika kumi, kisha gusa kwa mgongo wa mkono kile kiswichi chake cha ukutani. Vuguvugu ni sawa. Kikiwa cha moto, au kimepata rangi ya kahawia pembeni, au kuna harufu ya plastiki, basi waya ni mdogo. Kilowati 5 ni karibu ampea 22. Inataka waya wa milimita 4 za mraba, wa 6 ukiwa mbali, na breka yake peke yake. Mafundi wengi huunga shawa kwenye waya wa soketi wa 2.5. Na uliza waya wa ardhi (ethi) upo wapi: kama hakuna waya wa ardhi unaofika kwenye shawa, mtu aliyelowa hapaswi kusimama chini yake. Hilo halina mjadala wa bei.

---

NesiWaZamu

Naanza na la hatari zaidi. Kila msimu wa baridi watu wanakufa kwa kuingiza jiko la mkaa chumbani na kufunga madirisha. Ile hewa ya sumu (kaboni monoksidi) haina harufu wala haikohozi mtu, unasinzia, huamki. Mkaa uliokolea na hautoi moshi ndio unaomdanganya mtu. Jiko la mkaa lisilale ndani, hata dakika kumi za kupasha chumba. Blanketi mbili kwa kila kitanda, soksi, kofia ya mtoto, chupa ya maji ya moto iliyofungwa taulo miguuni kwa bi mkubwa. Zinatosha.

Bi mkubwa: baridi hupandisha presha. Wiki mbili za kwanza apimwe asubuhi na jioni, iandikwe kwenye daftari. Aende na dawa za miezi miwili mkononi na barua ya rufaa au nakala ya faili lake kutoka hospitali ya Bombo au anakohudhuria, ili hospitali ya Mount Meru kule Arusha au kwingine wasianze naye upya. Choo kiwe ndani. Kutoka kwenye blanketi kwenda uani saa tisa usiku ni baridi na ni kuanguka.

Mdogo: harara itaisha, hilo ni kweli. Badala yake jihadhari na nimonia. Kwa umri wake hesabu pumzi akiwa ametulia, dakika nzima huku ukitazama saa. Zikifika 50 au zaidi, au kifua kinabonyea ndani anapovuta, ni hospitali siku hiyo hiyo. Kadi ya kliniki isiingie kwenye lori, ibebwe mkononi. Chanjo ya surua ya miezi 9 apate hapa hapa kabla ya safari, ya pili ni miezi 18.

Kama kuna mwenye selimundu (sikoseli) kwenye familia, semeni kabla hamjaamua. Baridi ni moja ya vichocheo vya maumivu makali kwao, na kuoga maji baridi kunatosha kuyaanzisha. Mwenye pumu naye apimwe.

Malaria kule ni kidogo sana ukilinganisha na kwetu, na hiyo ni faida kubwa. Ina upande wa pili: mwili unapoteza ule uzoefu. Watoto wakishakaa mwaka mmoja au miwili kisha wakaja Tanga kwa sikukuu, walale ndani ya chandarua kila usiku, na homa yoyote baada ya kurudi Arusha ipimwe malaria hata kama daktari hajauliza walikotoka. Mwambieni.

---

MtuWaMombo

Mbona mnaruka milima mkaenda kutafuta baridi mbali? Lushoto iko mita 1,400 hivi, mwinuko ule ule wa Arusha. Julai usiku mtavaa sweta hizo hizo. Usambara si volkano, kwa hiyo hilo la floraidi halipo. Ni mkoa huu huu wa Tanga, pango ni la chini sana kuliko Njiro, na mboga na matunda yanatoka mlangoni. Kutoka Mombo ni kilomita 33 tu.

---

HesabuKwanza

Mtu wa Mombo, hoja nzito na mleta uzi aipime kwa dhati. Kwa upande wa pesa Lushoto inashinda.

Pungufu zake nazo ziwekwe wazi. Hizo kilomita 33 ni kona juu ya kona, na masika udongo na mawe hushuka barabarani upande wa Soni, njia inafungwa. Kwa bi mkubwa mwenye presha, swali ni: usiku wa mvua ya Aprili mtafika hospitali gani kwa muda gani? Kuna hospitali ya wilaya pale mjini na ya Bumbuli ndani zaidi. Rufaa ni kushuka na kurudi Bombo. Arusha una hospitali kadhaa ndani ya jiji na hospitali ya rufaa ya KCMC, Moshi, kilomita 80 kwa lami iliyonyooka. La pili ni vitambaa: mji mdogo, soko dogo. La tatu, uhamisho wa mwalimu kwenda halmashauri nyingine unaombwa kwenye mfumo ule ule, ila ni rahisi kupata wa kubadilishana naye anayetaka kushuka pwani.

---

ChakiNaUbao

Shule. Mtaala ni mmoja, kwa hiyo masomo si shida kwa wanaotoka serikali kwenda serikali. Uhamisho unaanza kwa barua ya mzazi kwa mwalimu mkuu, unapita ofisi ya elimu, na mtoto anahamishwa kwenye mfumo wa PREM (wa kumbukumbu za wanafunzi). Chukua namba yake ya PREM na uiandike pembeni. Bila kumhamisha kwenye mfumo atakuwa anakaa darasani Arusha huku jina lake liko Tanga, na usajili wa mtihani ukifika ndipo inajulikana.

Huyu wa darasa la sita ndiye anayeamua kalenda yenu. Mwakani ni la saba, mtihani Septemba. Ama ahame likizo ya Desemba mwaka huu, faili likamilike kabla usajili wa watahiniwa haujafanyika, ama abaki Tanga na ndugu mpaka amalize. Kumhamisha katikati ya la saba msikubali hata nyumba ikipatikana bure.

Shuleni kule sweta ni sehemu ya sare. Nunua mbili, moja ikilowa Julai haikauki siku moja.

---

GiaYaNne

Mizigo. Tanga hadi Arusha ni kama kilomita 430: Segera unakunja kulia, Korogwe, Mombo, Same, Moshi. Canter iliyojaa hutumia muda wa saa tisa hadi kumi na moja njiani. Pakia jioni, ondoka saa kumi alfajiri, ili mshushe mizigo kukiwa na mwanga.

Vyumba vitatu vinaingia Canter moja ya tani tatu na nusu kama makabati na vitanda vitafunguliwa. Friji isimame wima, mlango umefungwa kamba, na ikifika isiwashwe kabla ya muda wa saa nne kupita. Ikilazwa, ngoja siku nzima. Mtungi wa gesi wima, koki imefungwa, usikae kwenye kabini. Magodoro ndani ya nailoni kwanza, turubai juu.

Bei: tafuta gari lililoleta mzigo kutoka kaskazini na linarudi tupu. Vitunguu, maharage, viazi vinashuka pwani kila wiki. Nenda sokoni wanaposhusha, zungumza na dereva na mwenye gari kwa simu mbele yake. Gari la kukodi makusudi unalipia kwenda na kurudi hata kama hawatakwambia.

Tarehe: kuanzia katikati ya Desemba njia ya Moshi na Arusha inajaa, Wachaga wanarudi kwao, nauli za mabasi zinapaa na viti hakuna. Hameni wiki ya kwanza ya Desemba shule zikifungwa, au baada ya mwaka mpya.

Na samani za mbao za pwani zitapasuka maungio kiangazi kule, hewa ni kavu. Msishtuke milango ya kabati ikilegea. Gundi ya mbao na skrubu chache ziwepo.

---

MkwajuWaDonge

Mungu awalipe wote. Tumekaa kama familia jana. Fundi anakuja Jumamosi kutoboa matundu ya paa na kupima bati kwa rangi, kwa kuwa hata tukipangisha nyumba itakuwa na thamani zaidi. Baba ameomba kwenye mfumo, hatulipi pango popote mpaka kibali kitoke. Julai atakwenda siku kumi, Njiro na Lushoto kote, baridi ikiwa kali, akague nyumba asubuhi.

Maswali mawili ya mwisho. Chumba cha bi mkubwa kiwe upande gani? Na maji ya kupima yanachukuliwaje?

---

FundiWaPaa

Dirisha la kaskazini. Juni na Julai jua liko kaskazini yetu, kwa hiyo chumba hicho kinapata jua miezi ya baridi, na Arusha ni upande unaotazama Meru. Baba aingie nyumba saa moja asubuhi kabla hawajafungua madirisha, anuse pembe za ukuta nyuma ya kabati. Ukungu una harufu yake. Nyumba isiyo na dari aiache, usiku bati linashusha baridi kama linavyoshusha joto kwenu.

---

MajiNaMeno

Chupa ya plastiki ya nusu lita, mpya au ya maji ya kunywa. Ya glasi isitumike kwa kipimo hiki. Afungue bomba la jikoni dakika tatu yamwagike, aisuuze chupa mara tatu kwa maji hayo hayo, ajaze hadi juu, afunge. Kama nyumba ina kisima na bomba la AUWSA pamoja, chupa mbili. Aulize na tangi la juu linajazwa na lipi, kwa kuwa mara nyingi jikoni yanafika ya kisima wakati bili inasoma ya bomba. Apeleke maabara ya maji, aombe kipimo cha floraidi kwa jina, si "kipimo cha maji" tu, watampimia vijidudu akarudi na jibu zuri lisilohusu meno.

Ikisoma 1.5 kushuka chini, mdogo anaweza kunywa. Ikizidi hapo, bei ya RO au ya tangi la mvua iingie kwenye mazungumzo na mwenye nyumba kabla ya kusaini.

Na aandike mtaa, namba ya nyumba na tarehe kwenye chupa kwa kalamu ya wino usiofutika kabla hajaijaza. Plastiki ikishalowa haiandikiki, na chupa nne zisizo na majina mezani ni sawa na hakupima.